Ushauri wa Kocha: Naongeza mazoezi, kasi inapungua

Kocha, shikamoo. Natumai hujambo na jamaa wote hawajambo.

Mimi ni mama wa miaka 57, mzaliwa wa Likoni. Kwa sasa naishi Boston na kazi yangu ni kuhudumia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Kupiga makasia nilianza nikiwa nimeshavuka miaka 50, pale mwenzangu wa kazini aliponivuta kwenye darasa la wanaoanza. Sikudhani ningependa hivi. Sasa nina mashua yangu ya mtu mmoja, ya mtumba lakini nzima, na mwaka huu jina langu limetoka kwenye bahati nasibu ya Head of the Charles, yale mashindano ya makasia ya mto Charles hapa Boston, kundi la wanawake wa miaka 50 na kuendelea. Zimebaki wiki 10.

Kinachonisumbua ni kwamba kadiri ninavyoongeza mazoezi ndivyo ninavyorudi nyuma. Mwezi wa nne nilipiga mita 2000 kwenye mashine ya kupigia makasia kwa dakika 8 na sekunde 50. Juzi nimepiga kwa 9:04, na nilipomaliza nilijilaza sakafuni nisiweze kuinuka. Nafanya siku sita kwa wiki. Kocha wa klabu ametupa sote karatasi moja, vijana kwa wazee: siku za mazoezi mepesi mapigo ya moyo yawe kati ya 130 na 140. Yangu hayapandi. Nikienda mwendo wa kawaida saa inaonyesha 108 au 110, na kocha akiichungulia husema natega. Basi huvuta mpaka ifike 130, na ikifika hapo siwezi hata kumwitikia mtu salamu. Kwenye mashine ni kama 2:28 kwa kila mita 500, makasia 24 kwa dakika, kwa dakika 40, karibu kila siku. Ili nipate nguvu zaidi nimeusogeza ule wenzo wa upepo ubavuni mwa gurudumu hadi namba 10.

Nikiamka kiuno kimekakamaa, mpaka nioge maji moto ndipo niweze kuinama kuvaa soksi. Maumivu hayashuki miguuni. Usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. Nina presha lakini imetulia tangu nianze metoprolol mwaka juzi.

Halafu kuna daraja la Weeks linalovuka mto huo. Mwaka jana nilisimama juu yake kutazama mashindano nikaona mashua mbili zikigongana chini yangu. Nikiwaza kwamba mwaka huu nitakuwa huko chini, tumbo hunisokota.

Mwanangu ananiambia, "Mama, umri umekwenda, unatafuta nini majini?" Je, nimechelewa kweli? Niongeze bidii au nijitoe?

Mama wa Likoni, Boston

*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara ya pili kwa sababu ya sentensi moja uliyoitaja kwa kupita tu, ile ya metoprolol. Tuanzie hapo, maana mengi uliyoyaeleza yanatokana nayo.

Metoprolol ni dawa ya kundi la beta-bloka. Inaupunguzia moyo mwendo, na ndiyo njia mojawapo inayotumia kuishusha presha. Kwa watu wengi wanaoitumia, mapigo ya juu kabisa hupungua kwa 20 au 30, na wengine zaidi ya hapo. Sasa tazama karatasi ya kocha wenu. Jedwali za namna hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa kutoa umri kwenye 220, kisha kuchukua asilimia fulani. Kwa mtu wa miaka 57 jibu ni 163, na 130 inaonekana kuwa mwendo wa wastani. Lakini kilele chako wewe, ukiwa umemeza kidonge, huenda ni 140 au pungufu. Kumbe hiyo 130 unayoikimbilia ni karibu na mwisho wa uwezo wako. Wenzako wanapofanya mazoezi mepesi, wewe uko mashindanoni. Siku sita kwa wiki, na usiku unakwenda kazini.

Hukutega. Uliposhindwa kumwitikia mtu salamu, mwili ulikuwa umesema ukweli, na saa pamoja na karatasi ndizo zilizokosea.

Tafadhali usiiache dawa wala usiipunguze mwenyewe. Beta-bloka ikikatizwa ghafla moyo unaweza kuchachamaa vibaya, na presha ikapanda juu kuliko ilivyokuwa. Nenda kwa daktari wako wiki hii hii, umwambie waziwazi: napiga makasia, nina mashindano ya zaidi ya dakika 20 mwezi wa Oktoba, nataka kujua kama moyo wangu unaruhusu, na kama ipo dawa nyingine ya presha isiyopunguza mapigo ambayo ingenifaa. Zipo za aina hiyo, lakini yeye ndiye anayejua kwa nini alikuchagulia hii. Akitaka kukupima moyo ukiwa kwenye mazoezi, kubali. Na iwapo atakubadilishia, mwambie pia kwamba dawa za kukojoza, ambazo aghalabu huchanganywa na vidonge vya presha, zimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni kote. Mtu anaweza kuombewa kibali cha matibabu, ila aombe mapema.

Sasa mazoezi. Kwa siku 7 za mwanzo usipige makasia kabisa. Tembea, lala, nyoosha mwili. Najua utaona zimepotea siku 7 kati ya 70. Ila kushuka kutoka 8:50 hadi 9:04 pamoja na usingizi mbovu ni dalili za mwili uliochoshwa, na mwili wa namna hiyo haupokei zoezi lolote unaloupa. Nguvu haiji wakati unavuta. Huja baadaye, umelala, mwili unapokarabati ulichokichosha. Kijana wa miaka 25 hukarabati kwa siku moja. Sisi tuliovuka 50 tunahitaji siku mbili, na baada ya zamu ya usiku tatu.

Wiki ya pili rudi, lakini rudi taratibu kuliko unavyodhani inafaa. Kipimo chako cha wepesi kiwe mdomo. Unapovuta, sema sentensi ndefu kwa sauti, mathalani umsimulie mtu ulivyopika pilau ya Idi kuanzia kukaanga vitunguu. Ukilazimika kukata sentensi katikati ili upate pumzi, punguza. Kwenye mashine nakadiria itakuwa 2:40 hadi 2:45 kwa mita 500, makasia 18 au 20 kwa dakika. Utaona aibu kidogo mbele ya wenzako. Vumilia. Fanya hivyo mara tatu kwa wiki, dakika 45 hadi 60.

Siku ya nne iwe ngumu, na iwe ngumu kweli. Anza na vipande vinne vya dakika 4, ukipumzika dakika 4 kila kipande, mwendo ambao maneno matatu tu yanatoka. Zikibaki wiki 5, badilisha viwe vipande vitatu vya dakika 8, makasia 26, maana ndiyo mwendo utakaoushika mtoni. Kosa ninaloliona kwa wapiga makasia wengi wa rika letu ni kufanya kila siku zoezi la katikati: zito mno kwa siku ya wepesi, jepesi mno kwa siku ya ukali. Wanatoka jasho na hawaendi mbele. Siku ngumu isifuate zamu ya usiku hata kidogo, na kila wiki ya tatu kata nusu ya mazoezi yote.

Mara mbili kwa wiki nyanyua vyuma. Hili silifanyii mjadala. Baada ya hedhi kukoma mifupa ya mwanamke hupungua haraka, na kupiga makasia tumekaa, uzito wa mwili haushuki kwenye mifupa ya nyonga na miguu kama mtu anayekimbia. Chuchumaa na uinuke ukiwa na uzito mikononi, nyanyua kutoka sakafuni, vuta kuelekea kifuani. Anza na uzito mdogo mpaka uzoee kunyanyua kwa mkao ulio sawa. Na kwa kuwa una presha, usizuie pumzi: toa hewa unapoinua.

Kuhusu kiuno, nakisia sababu tatu, na zote zinarekebishika.

Ya kwanza ni ule wenzo. Namba 10 haikupi nguvu. Inaigeuza mashine kuwa mashua nzito iliyojaa watu, nawe mwanzoni mwa kila mvuto unaanza upya kuisukuma kwa kiuno. Weka kwenye 3 au 4. Mashine hupima kazi unayofanya wewe kwa namba yoyote ile, kwa hiyo huibiwi hata sekunde moja.

Ya pili ni mpangilio wa mwili. Mwombe mtu akupige video ukiwa kwenye mashine, simu ikiwa ubavuni kwako kwa urefu wa nyonga, kisha itazame polepole ukikazia macho vitu viwili tu: kiti na mpini. Mvuto unapoanza, kiti na mpini viondoke pamoja. Nakushuku kiti kinatangulia kidogo, mpini umebaki palepale, halafu mgongo ndio unaokuja kuufuata mpini peke yake. Pale ndipo kiuno kinapoumia. Miguu isukume, mgongo umeshikwa imara bila kufunguka, ufunguke miguu inapokaribia kunyooka, mikono imalizie. Kurudi ni kinyume: mikono itoke kwanza, mwili uiname kutoka kwenye nyonga, kiti ndipo kisogee. Kuinama kote kuwe kumekamilika kabla magoti hayajakunjika. Watu wengi hufika mbele magoti yamekunjika, kisha wanaona wangeweza kupata sentimita tano zaidi, wanazichukua kwa kukunja kiuno. Ziache hizo sentimita tano. Muundi ukisimama wima, umefika.

Kama nyama za nyuma ya mapaja zimekaza, na kwa umri wetu hukaza, shusha ubao wa miguu kwa sentimita mbili. Nyonga itapata nafasi ya kuinama na kiuno kitapumzika. Mtu huweza kuhangaika na mazoezi ya kunyoosha mwaka mzima kwa jambo lililohitaji spana na dakika tano.

Ya tatu ni saa unayofanya mazoezi. Usiku tukiwa tumelala, zile pedi kati ya mifupa ya uti wa mgongo hunywa maji na kuvimba, na katika saa ya kwanza baada ya kuamka huwa rahisi kuumia mtu anapoinama. Wapiga makasia ndio hao wanaotoka kitandani na kuingia mashuani alfajiri. Wewe toka kitandani, tembea, fanya kazi za nyumbani ukiwa wima kwa saa nzima, ndipo uende. Kiuno kisipopata nafuu ndani ya wiki mbili za haya, nenda kwa mtaalamu wa viungo. Ukihisi ganzi miguuni au sehemu za siri, au mkojo ukikataa au kukutoka, usisubiri, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na maumivu ya ubavuni yanayochoma ukikohoa nayo yasimamishe mazoezi, kwani mbavu za mpiga makasia hupasuka kwa kuchoshwa.

Chakula nitakigusa tu: kwa umri huu mwili unataka protini zaidi, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, iliyogawanywa kwenye milo yote. Mayai asubuhi, samaki au maharage mchana, maziwa kabla ya kulala. Wengi wetu tunaila yote kwenye mlo wa jioni.

Twende mtoni. Mashindano ya Charles, yanayofanyika tangu 1965, ni kama kilomita 4.8 za kupanda mto. Mashua huachiwa moja moja, kila moja ikishindana na saa, kwa hiyo hakuna wa kukukimbiza isipokuwa anayetokea nyuma akataka kupita. Mto wenyewe unapindapinda chini ya madaraja, na mama wa miaka 57 anayeshika njia fupi humpita kijana mwenye kifua kipana anayepotelea kwenye kona. Hapo ndipo nataka utumie siku zako nyepesi. Usihesabu mita tu, jifunze mto.

Weeks ni kona ya kushoto kwa upande mashua inakoelekea. Wewe umeipa mgongo njia, kwa hiyo kushoto kwa mashua kuko upande wa mkono wako wa kulia, na mkono unaokuzungusha ni wa kushoto. Liseme hilo kwa sauti mpaka lisihitaji kufikiriwa: Weeks, mkono wa kushoto. Ukishavuka daraja la Western Avenue kuna kipande kilichonyooka. Hapo geuza shingo uone tao la kati, na utafute kitu nyuma ya mashua ufukweni, paa au mti, ambacho ukikiweka sawa na tezi, yaani ncha ya nyuma ya mashua, unajua umelenga tao. Anza kuzunguka kabla hujaingia darajani. Anayesubiri mpaka aone kivuli cha daraja amechelewa, na wengi wanaogongana hapo ni hao. Vuta mkono wa kushoto kwa nguvu na urefu zaidi, wa kulia ulegezwe bila kuacha kuvuta, na usiache kupiga makasia ukiwa chini ya tao. Mashua iliyosimama haina usukani. Ukitoka upande wa pili, tayari macho yako yaanze kulitafuta daraja la Anderson. Kisha mto unapinda taratibu kuelekea kulia, na mbele yake daraja la Eliot, kona ndefu ya kushoto tena, mkono wa kushoto tena, wakati ambao miguu imeshaungua. Kwa ajili ya Eliot weka akiba.

Shingo ikiwa nzito kugeuka, nunua kioo kidogo cha kubandika kwenye kofia na ukizoee kuanzia sasa. Boya usilikate, linaongezewa sekunde. Ukipitwa, pisha upande anaoutaka anayepita, vuta makasia mawili laini, kisha endelea. Nenda ukazipite kona hizo pole pole mara nyingi uwezavyo, na mara moja jioni, jua likiwa limeshuka, maana siku ya mashindano hutachagua mwanga.

Usitoke peke yako baada ya zamu ya usiku. Kuanzia mwishoni mwa Septemba maji hupoa upesi. Mtu akitumbukia kwenye maji baridi, dakika ya kwanza ni ya kudhibiti pumzi tu, asijaribu chochote kingine. Baada ya hapo ana kama dakika 10 mikono ikiwa bado inatii. Shika mashua, usiiache uogelee. Kagua kamba za visigino kwenye viatu kila unapotoka, ndizo zinazokuwezesha kuchomoa miguu mashua ikipinduka.

Siku 10 za mwisho punguza mazoezi hadi nusu, ukibakiza vipande vifupi vya mwendo wa mashindano, dakika moja moja. Asubuhi yenyewe kunywa uji masaa matatu kabla ya kushindana. Kwa sababu ya dawa, moyo wako utachelewa kuamka, basi pasha mwili moto kwa dakika 25 hadi 30 hata ukiona wenzako wanafanya 15. Pale wanapongojea zamu, upepo huwa mkali na kungoja ni kurefu. Vaa koti usilolijali na ulivue dakika ya mwisho. Dakika tatu za mwanzo utajiona mwepesi kuliko siku zote. Usidanganyike, shika makasia 25 au 26 kwa dakika, ukisukuma miguu mpaka inyooke.

Umeuliza kama umechelewa. Kwenye mchezo huu, kimataifa, mtu huitwa mkongwe tangu miaka 27, na madaraja hupanda kwa herufi: 50 ni D, 55 ni E, 60 ni F, na yanaendelea hadi wenye miaka 80 na zaidi. Pale Charles kwenyewe utawakuta waliovuka 70 wana mashindano yao. Mwanao anakuhofia, na hofu yake ni ya upendo. Mchukue aje nawe kwa daktari. Akisikia kwa masikio yake kwamba moyo wa mamake umepimwa, atanyamaza, na pengine atakuja kukushikia koti pale mwanzoni.

Kocha wenu mwambie hivi, kwa upole na mbele ya hiyo karatasi: "Natumia beta-bloka, mapigo yangu hayawezi kufika namba hizi. Nitapima kwa kuongea na kwa muda wa mita 500. Siku nyepesi ni 2:40 au zaidi, siku ngumu utaniona." Kocha mwema atashukuru kuambiwa, na huenda kuna wengine klabuni wanaomeza vidonge hivyo hivyo kimya kimya. Akikataa kusikia, fuata mpango huu mwenyewe na panga muda wako tofauti na wao.

Kujitoa? Bado. Zikibaki wiki 2 na kiuno kingali kinakuzuia kuvaa soksi, au daktari hajaridhika, hapo jitoe bila aibu na uingie bahati nasibu ya mwakani. Ukishamwona daktari, niandikie alichosema kuhusu dawa na mapigo yako ya juu kabisa, tupange wiki 3 za mwisho kwa namba zako mwenyewe.